Sura ya Saba: Mtoto Anayetazama

Msafiri atokaye Nairobi kwenda kaskazini, akiisha kuuzunguka Mlima Kenya na kuyapita mashamba ya ngano ya Timau yenye baridi na ukungu, huteremka kwa muda mfupi tu akajikuta katika nchi nyingine kabisa, nchi ya joto, ya vumbi, ya migunga na ya ngamia, na mji wa kwanza unaompokea huko chini ni Isiolo. Si mji mkubwa, walakini watu wake ni wa asili nyingi. Askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Mwingereza katika vita vya kwanza vya dunia walipewa makao hapa. Waborana wakafika na mifugo yao. Waturkana wakaja kutafuta kazi. Wameru wakashuka na mazao ya mlimani. Wasamburu walikuwa jirani tangu zamani. Na watoto wa watu hawa wote, ikifika asubuhi ya Jumatatu, huketi katika dawati moja na kuitana kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo hakuna mmoja wao awezaye kudai kuwa ni ya nyumbani kwao peke yao.

Wadi mojawapo ya mji huu inaitwa Wabera, na jina hilo lina habari ambayo kila mtoto akaaye humo yampasa aijue. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha mkuu wa wilaya ya Isiolo. Mwezi wa Juni mwaka 1963, ikiwa imebaki miezi michache tu Kenya ipate uhuru wake, yeye pamoja na mzee Haji Galma Dido waliuawa kwa risasi karibu na Modogashe, walipokuwa safarini kwenda kusema na watu juu ya mustakabali wa nchi yao. Na waliowaua walikuwa upande wa wale waliotaka eneo la kaskazini litengwe na Kenya na kuunganishwa na Somalia. Vita vya shifta vilivyofuata viliendelea hata mwaka 1967, vikaacha mayatima, mifugo iliyoteketea na vinyongo ambavyo katika nyumba nyingine havijapoa mpaka leo. Nani wa hapa na nani si wa hapa, hilo ndilo swali lililomwaga damu ya mtu yule. Na ndilo swali hilo hilo linalorudiwa kila siku, kwa sauti nyembamba za watoto ambao hawakuwahi hata kusikia habari ya Modogashe, kwenye bomba la maji la shule.

Twende kwenye bomba hilo, maana ubaya ukitazamwa kwa mbali hufanana na mzaha. Ni saa nne ya asubuhi, wakati wa mapumziko, na madumu ya manjano yamepangwa msururu kungojea maji ambayo leo yanatoka kwa kudondoka. Katika msururu yumo mvulana wa gredi ya tano aliyehamia mjini mwaka huu baada ya ukame kuwamaliza ng'ombe wa baba yake. Amevaa akala zilizokatwa katika tairi la gari, na Kiswahili chake bado kinakwama katika baadhi ya maneno. Mwenzake aliyemzidi mwili anamwita kwa lakabu ambayo ndani yake mmekusanywa kabila lake, ufukara wake na harufu ya zizi, kisha kwa ncha ya mguu analisukuma dumu lake nje ya msururu, polepole, kama mtu afanyaye jambo lisilo na maana. Watoto kumi au kumi na wawili wanacheka. Mvulana mwenyewe anacheka pia, kwa kuwa asipocheka atajulikana ameumia, na kujulikana kwamba ameumia ni kumwalika mchokozi azidishe. Kengele inalia, dumu linarudi darasani tupu, na mwalimu wa zamu akiulizwa atajibu kwa dhati ya moyo kwamba mapumziko yalipita kwa amani. Kesho dumu litasukumwa tena, na kesho kutwa. Kabla ya muhula kwisha mvulana yule atakuwa analalamikia tumbo kila asubuhi, na mama yake, kwa huruma ya mama, atamchukua zahanati kutafutiwa maradhi ambayo hayamo tumboni.

Dan Olweus, mwanachuoni aliyefanya kazi zake katika mji wa Bergen, nchini Norway, na ambaye aliupa ulimwengu maarifa mengi juu ya jambo hili la uonevu wa shuleni, alitaja alama tatu za kulitambulia: kwamba hufanywa kwa nia ya kuumiza, kwamba hurudiwa, na kwamba mwenye kufanya na mwenye kufanyiwa hawalingani kwa nguvu. Alama hizo tatu zote ziko bombani pale. Watoto wawili waliolingana wakigombania mpira na kutoana vumbi hawaonei mtu, na mzazi asiwe mwepesi wa kupiga ukelele. Bali pale mmoja anapokuwa na kundi nyuma yake na mwingine hana mtu, na jambo likawa la kila siku, hapo neno la utani halifai tena. Norway yenyewe haikuamka ila kwa msiba, baada ya wavulana watatu kujiua mwishoni mwa mwaka 1982 kwa sababu ya mateso ya wenzao, kama ilivyoaminiwa. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni katika shule za nchi nzima.

Kwetu Kenya, uchunguzi wa afya ya wanafunzi uliofanywa mwaka 2003 kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya walioulizwa walikuwa wameonewa na wenzao katika siku 30 zilizotangulia. Ulimwengu kwa jumla, kwa hesabu ya UNESCO ya mwaka 2019, uko karibu na mwanafunzi mmoja katika kila watatu. Sitaki kuzirundika hesabu, kwa maana hesabu humpumzisha msomaji kwa kumfanya aone kwamba jambo ni la watu wengi wasiojulikana. Nazitaja hizi mbili ili mzazi wa Isiolo asijidanganye kwamba nyumba yake imesalimika.

Shule za bweni zina namna yao ya dhuluma, tena iliyopewa heshima ya mila. Mgeni wa kidato cha kwanza aliitwa mono, na kwa jina hilo pekee haki zake zilisitishwa mpaka mwaka uishe. Usiku wa kwanza sanduku lake la bati lilifunguliwa na wenyeji, sukari na sabuni alizonunuliwa kwa taabu zikagawanywa mbele ya macho yake; kisha aliamrishwa aizime taa ya umeme kwa kuipuliza, au aimbe akiwa juu ya kitanda, au aupime urefu wa uwanja kwa kijiti cha kiberiti, na wazee wa bweni wakacheka hata machozi. Mtaala mpya umebadilisha majina ya madarasa, lakini tabia haitoki kwa kubadilishwa jina la darasa. Aghalabu wanaume wenye heshima zao, wenye vyeo na ndevu za mvi, huzisimulia habari hizi katika mabaraza kwa furaha, wakidai kwamba ndizo zilizowakomaza. Nasema kwa staha, lakini bila kusita, kwamba dai hilo si la kweli. Anayelitoa ni yule aliyevuka; wale waliorudi nyumbani katikati ya muhula na hawakusoma tena hawakualikwa katika baraza hilo.

Wala mila hiyo si yetu ya asili, ya kusema kwamba tukiiacha tutakuwa tumewaasi wahenga. Thomas Hughes, katika kitabu chake Tom Brown's School Days kilichotoka mwaka 1857, aliyaeleza maisha ya shule ya Rugby huko Uingereza, ambako wavulana wadogo walikuwa watumishi wa wakubwa, na mmoja wao akaoteshwa moto mkali mpaka akazirai. Ilikuwa shule ya watoto wa watawala, na utumishi ule ulidhaniwa kuwa ni malezi ya utawala. Shule za bweni zilipojengwa katika makoloni, utaratibu wa mkubwa kumtawala mdogo ulikuja pamoja na kengele, viranja na nidhamu ya mistari. Tumerithi vyote, na hatukuchagua. Mwaka 2017 wachunguzi wa wizara ya elimu waliingia katika Shule ya Upili ya Alliance, iliyo fahari ya nchi tangu mwaka 1926, wakaandika habari za wanafunzi wadogo kupigwa na wakubwa wao, na mwalimu mkuu akastaafu kabla ya wakati wake. Ikiwa taa kubwa kuliko zote ilikuwa na moshi wa namna hiyo, shule za pembeni zisizotembelewa na mtu ziko katika hali gani?

Na mtu asiseme kwamba ni mambo madogo yanayojimaliza yenyewe. Kutoka Isiolo mpaka Tigania, katika nchi ya Meru, si mbali. Na huko, katika shule ya St. Kizito, usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana walilivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga nao katika mgomo, na wasichana 19 wakafa. Jambo la kutisha kama hilo halianzi usiku lilipotukia. Huanza katika siku nyingi za kawaida ambazo msichana hudhihakiwa darasani na watu wakacheka, hushikwa nguo njiani na watu wakapita, hujibiwa kwa kejeli anapolalamika na watu wakanyamaza, hata kila mmoja akafahamu, bila ya kuambiwa, kwamba kumwumiza hakuna gharama.

Hapo ndipo ninapotaka kumshika msomaji mkono. Tumezoea, tunapoyazungumza mambo haya, kuwatazama watoto wawili tu, mwenye kuonea na mwenye kuonewa. Huyu tumwadhibu, yule tumfariji, kisha tudhani kwamba kazi imekwisha. Tumewasahau wale kumi waliocheka bombani. Wao ndio wengi, na wao ndio sababu. Mvulana mkubwa asingelisukuma dumu lile kama angekuwa peke yake na mvulana mdogo. Hakuwa na haja ya dumu wala ya maji, alikuwa na haja ya kicheko, na kicheko hicho alilipwa papo hapo, taslimu, na watoto ambao jioni walikwenda nyumbani wakiamini kwamba hawakumfanyia mtu ubaya wowote.

Watu wa elimu wamelithibitisha jambo hili. Nchini Kanada, wanasaikolojia Hawkins, Pepler na Craig waliwarekodi watoto wa Toronto kwa kamera na vipaza sauti walipokuwa wakicheza katika viwanja vya shule, na wakayatoa matokeo yao mwaka 2001. Waliona kwamba karibu mara 9 katika kila 10 uonevu ulifanyika mbele ya watoto wengine. Kwamba watoto hao waliingilia kati chini ya mara 1 katika kila 5. Na kwamba walipoingilia, katika zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi! Ni muda mfupi kuliko wa kujaza kikombe kimoja katika bomba lile la kudondoka. Dhuluma ambayo mwalimu hushindwa kuiondoa kwa muhula mzima, kwa fimbo na hotuba, huondoka kwa neno moja la rika, mradi lisemwe pale pale na kwa wakati wake.

Nchini Finland, Christina Salmivalli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turku walikuwa wameonyesha tangu mwaka 1996 kwamba kila mtoto darasani ana nafasi yake katika mchezo huu mbaya: wako wanaomsaidia mwonevu kwa mikono, wako wanaomtia moyo kwa vicheko, wako wanaojitenga wakajifanya hawaoni, na wako wachache wanaomtetea aliyeonewa. Juu ya elimu hiyo ukajengwa mpango uitwao KiVa, ambao kuanzia mwaka 2009 ulienea katika shule nyingi za nchi ile, na nguvu yake kubwa huielekeza kwa watazamaji. Sidai kwamba mpango wa Turku waweza kuletwa Isiolo jinsi ulivyo. Shule zao zina walimu wa kutosha na theluji. Zetu zina watoto wengi katika darasa moja, na mwalimu mmoja wa ushauri ambaye pia hufundisha masomo mengine. Lakini jambo lenyewe la msingi halihitaji fedha, nalo, ukilichunguza vyema, si geni kaskazini ya Kenya.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi la abiria lilikuwa likielekea Mandera. Karibu na El Wak lilisimamishwa na wapiganaji wa al-Shabaab, wakawaamrisha abiria wagawanyike, Waislamu upande wao na Wakristo upande wao. Kila mtu ndani ya basi lile alijua maana ya amri hiyo, kwa sababu mwaka uliotangulia, mwezi wa Novemba, katika barabara za huko huko, abiria 28 waliotengwa hivyo waliuawa. Abiria Waislamu wakakataa. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wamewapa Wakristo mitandio ya kujifunika. Na mbele ya bunduki wakasema kwamba ama wauawe wote au waachwe wote. Salah Farah, mwalimu na naibu wa mwalimu mkuu wa shule, alikuwa miongoni mwao. Alipigwa risasi, na mwezi wa Januari 2016 akafa hospitalini Nairobi. Watu wawili walikwisha kufa katika shambulio lile, lakini mgawanyo uliotakiwa haukupatikana, na abiria waliobaki wakafika. Habari hiyo ilitolewa filamu mwaka 2017, Watu Wote, ikatazamwa mpaka Marekani na kuteuliwa kushindania tuzo ya Oscar.

Nimeitaja habari hii nikijua uzito wake, na wala silinganishi bunduki na dumu la maji. Lakini umbo la tendo ni moja. Mwenye nguvu anasema: tengeni huyu, nyinyi wengine hayawahusu, na nguvu yake yote imesimama juu ya kutii kwa hao wengine. Walipokataa kusogea, amri yake ilibaki maneno matupu. Inafaa ikumbukwe kwamba waliokataa hawakuwa malaika wala mashujaa wa vitabuni. Walikuwa wachuuzi, akina mama, wasafiri wa kawaida na mwalimu mmoja, watu wa kaskazini hii hii ambayo magazeti huitaja kwa ukame na wizi wa mifugo. Mwalimu wa Wabera anayetafuta mfano wa kuwasomea watoto asihangaike kwenda mbali.

Walio Waislamu, nao ni wengi katika mji huu, watoto wao huyasoma mafundisho juu ya uonevu katika chuo cha Kurani kabla hata ya kujua kujumlisha. Sura ya Al-Hujurat, katika aya yake ya 11, inawakataza watu kudharauliana na kuitana kwa lakabu za kuchukiza, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Na katika mafundisho ya Mtume kuna agizo la kumnusuru ndugu akiwa amedhulumiwa au akiwa yeye ndiye dhalimu. Na masahaba walipostaajabu, wakitaka kujua atanusuriwaje dhalimu, walielezwa kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Naona insafu kubwa katika fundisho hilo, kwa sababu linamfanya mwonevu naye kuwa mtu wa kuokolewa. Shida iliyopo ni kwamba mtoto huihifadhi aya ile kwa sauti nzuri asubuhi, na alasiri huitumia lakabu ile ile iliyokatazwa, na hakuna mtu mzima aliyekaa naye kumwonyesha kwamba aya na alasiri ni mambo ya siku moja.

Waborana nao wana desturi yao ya busaa gonofaa, ambayo kwayo ukoo humchangia mifugo mtu aliyefilisiwa na ukame, maradhi au maadui, ili asiondoke katika hesabu ya watu. Ni katika fadhila bora ninazozijua za nchi hii. Na mvulana wa akala, yule wa bombani, ni mwana wa mtu wa namna hiyo hiyo. Inakuwaje jamii imchangie baba ndama kwa sababu ng'ombe wake wamekufa, kisha iwaachie watoto wake wamcheke mwana kwa sababu hiyo hiyo? Sababu moja naiona: baba amefilisika mbele ya wazee, na wazee wana sheria, mwana amefilisika mbele ya watoto, na watoto tumewaacha bila ya sheria, tukidhani kwamba mapumziko ni nchi isiyo na serikali.

Mzazi mwenye hekima ataniuliza hapa: je, unataka mwanangu aingie kati apigwe yeye? Swali ni la haki na lazima lijibiwe. Sitaki mtoto wa gredi ya tatu amkabili mvulana wa gredi ya nane kwa ngumi. Namna za kunusuru ni nyingi, na nyingine hazihitaji ushujaa hata kidogo. Kutocheka ni moja, nayo yaweza kufanywa na mtoto mwenye haya kuliko wote. Kuliokota dumu lililosukumwa na kulirudisha mahali pake, bila ya kumwambia mtu neno, ni nyingine. Kumwita aliyeonewa kwa jina lake halisi, "Njoo huku, tucheze," na kumtoa pale, ni nyingine tena, na pengine ndiyo nzuri kuliko zote, maana humpa mnyonge kitu ambacho adhabu ya mwalimu haiwezi kumpa, yaani mwenzi. Na ikiwa hatari ni kubwa, kumpasha mtu mzima habari. Watoto huogopa kuitwa wachongezi, na hofu hiyo hulindwa kwa bidii na waonevu wenyewe. Basi afundishwe mapema kwamba asemaye ili mwenzake aadhibiwe na asemaye ili mwenzake apone hawafanyi tendo moja, ijapokuwa wote wawili wameufungua mlango wa ofisi ile ile.

Walakini mtoto hawezi kusema ikiwa anayesikiliza ana fimbo mkononi. Kenya iliipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, ikampa kila mtoto haki ya kulindwa na kila namna ya ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza, katika kifungu chake cha 36, kumpiga mwanafunzi na kumsumbua akili. Sheria hizo ni njema, lakini fimbo bado haijatoka katika madarasa yetu, na mbaya kuliko fimbo ni ulimi. Mwalimu amwitaye mtoto mjinga mbele ya wenzake, au akalitaja kabila lake pale anapokosea hesabu, amewapa wale wengine ruhusa ambayo wataitumia mwaka mzima. Mwezi wa Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alijiua baada ya kuaibishwa darasani kwa sababu ya damu ya hedhi iliyoichafua sare yake, kama familia yake ilivyoeleza. Na aliyelaumiwa hakuwa mtoto mwenzake. Tuliokwisha kukua hatuwezi kuwahubiria watoto upole ambao hawajauona kwetu. Baba anayemkejeli jirani yake wa kabila jingine wakati wa chakula cha jioni, na mwanasiasa anayepanda jukwaani wakati wa uchaguzi kuwahesabu wenyeji na wageni, hao ndio waandishi wa maneno yanayosemwa bombani.

Kuhusu simu nitasema machache. Picha ya mtoto aliyeanguka au kulia, ikirushwa katika kundi la WhatsApp, huongeza watazamaji kutoka kumi hadi mia tatu, na huondoa ile nafuu ya mwisho aliyokuwa nayo aliyeonewa, ya kufunga mlango wa nyumba yao nyuma yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 inaadhibu usumbufu wa mitandaoni. Lakini kila anayeipeleka mbele picha ile ni mtoto yule yule aliyecheka msururuni, na dawa yake haibadiliki: aikatie njia kwake.

Na mwonevu mwenyewe? Nimemwacha mwisho kwa sababu kila mtu huanza naye. Wengi wao, ukifuatilia, utakuta wanapigwa nyumbani, au waliwahi kuwa wao ndio wenye kusukumiwa dumu. Kumfukuza shule ni kumhamishia bomba jingine. Mji huu una wazee wanaojua kuwaketisha maadui chini ya mti, mchana kutwa, mpaka aliyekosa akiri na aliyekosewa aseme anachotaka kurudishiwa. Nao waweza kufanya hivyo kwa watoto pia, pamoja na wazazi na mwalimu, na mvulana mkubwa akatoka katika kikao hicho na wajibu wa kumtekea mwenzake maji mwezi mzima. Ningependa kuona shule moja ya Wabera ikilijaribu jambo hili kwa dhati muhula mmoja, iwaite maimamu, mapadre na akina mama wa soko la maziwa ya ngamia wakae pamoja na walimu, na iwachague katika kila darasa watoto watatu au wanne ambao wenzao huwasikiliza, si lazima wawe wa kwanza kwa alama, iwakabidhi kazi ya kuangalia nani hana mwenzi.

Nawe msomaji, uwe mzazi wa Isiolo au wa kwingineko, jioni ya leo usimwulize mwanao kama ameonewa, kwa maana atakujibu hapana. Mwulize nani darasani mwake hukaa peke yake wakati wa mapumziko, na anaitwa jina gani. Akikujibu, mwambie kesho akaketi naye. Na ikiwa mtoto yeyote unayemjua anateswa, nyumbani au shuleni, na huna pa kulipeleka jambo hilo, piga simu 116 popote ulipo katika Kenya. Simu hiyo haina malipo, na hupokewa usiku na mchana.